Kitunguu cha Tanzania hakilipi ushuru wa forodha. Mbona basi bei yake Nairobi haitulii?

Kapu la Donholm (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni. Tangu Marekani ianze vita vyake vya ushuru mwanzoni mwa 2025, kila kitu kikipanda hapa Nairobi kuna mtu wa kumbebesha Trump lawama. Nyanya zikipanda, ni Trump. Sukuma wiki, ambayo imetoka Kinale na haijawahi hata kuiona bahari, ikipanda ni Trump. Juzi jamaa ameapa mbele ya kibanda kwamba vitunguu vimepanda kwa sababu ya ushuru wa Marekani, na hakuna aliyembishia. Nikaona heri nifungue uzi.

Kazi yangu ni kununulia hoteli ndogo ya chakula: mboga, matunda, nafaka. Kabla ya hapo nilikuwa kwa wakala wa forodha, napanga karatasi za mizigo inayovuka mpaka wa Tanzania pale Namanga. Kwa hiyo nimeiona biashara hii kwa upande wa karatasi na kwa upande wa sufuria.

Tuanze na kapu lenyewe. Vitunguu vyekundu tunavyokula Nairobi sehemu kubwa ni vya Tanzania: Mang'ola kule Karatu, Singida, Ruaha Mbuyuni. Machungwa ya mkokoteni mengi ni ya Tanga, hasa Muheza. Ndizi za kupika nyingine huingilia Busia kutoka Uganda, zikajazia zile za Kisii na Meru. Nyanya ni zetu na za Tanzania, inategemea nani kanyeshewa vibaya. Kitunguu saumu, kile cheupe kinene, ni cha China. Matufaha mengi ni ya Afrika Kusini. Na machungwa yale yanayong'aa nta ndani ya supamaketi ni ya Misri au ya Afrika Kusini.

Sasa hayo yote hayapiti mlango mmoja.

Bidhaa iliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivuka kwenda nchi nyingine ya Jumuiya, ushuru wa forodha ni sifuri. Umoja wa Forodha ulianza kazi Januari 2005, Kenya, Uganda na Tanzania, wengine wakafuata. Sharti ni moja: uthibitishe kwamba mzigo umetoka ndani kweli. Hapo ndipo kinaingia cheti cha asili ya bidhaa. Mchuuzi mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 ana njia nyepesi, cheti kilichorahisishwa anachojaziwa pale pale mpakani bila malipo. Mzigo wa lori unahitaji karatasi kamili, pamoja na cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea.

Bidhaa ya nje ya Jumuiya inakutana na ushuru wa pamoja. Zamani kulikuwa na madaraja matatu: sifuri, asilimia 10, asilimia 25. Tarehe 1 Julai 2022 likaongezwa la nne, asilimia 35, na matunda yakatupwa humo pamoja na nyama, maziwa, samani na maua. Juu ya hapo kuna orodha ya vitu nyeti ambavyo ni moto zaidi: sukari asilimia 100, mchele 75, mahindi 50. Halafu kila mwaka nchi zinaomba kuachiwa zitumie viwango vyao, ndiyo maana Kenya hutoza mchele wa Pakistan asilimia 35 au dola 200 kwa tani badala ya hizo 75. Ushuru wa "pamoja" una milango ya nyuma mingi kuliko nyumba za Eastleigh.

Mfano wa tufaha, tukokotoe pamoja. Tuseme katoni ikifika Mombasa thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, ni shilingi 2,000. Asilimia 35 ni 700. Ada ya tamko la uingizaji ni asilimia 2.5, hiyo ni 50. Tozo ya reli asilimia 2, hiyo ni 40. Umefika 2,790 kabla hujalipia umeme wa kontena la baridi, wakala, lori la kupanda Nairobi na yale yatakayooza. Hapo sawa, ukisema ushuru umepandisha bei ya tufaha nitakuunga mkono.

Lakini hata hapo angalia kitu kingine. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123. Januari 2024 ikagonga 160. Katoni ya dola 15 iliyokuwa shilingi 1,845 ikawa 2,400, na hakuna sheria iliyoguswa. Tena ushuru hukokotolewa juu ya shilingi, kwa hiyo dola ikipanda na ushuru unapanda bila mbunge hata mmoja kupiga kura. Ilipotulia karibu 130 katikati ya 2024, nani aliona tufaha likirudi bei ya zamani? Mimi sikuliona.

Turudi kwenye kitunguu, maana ndicho kilichonileta hapa. Ushuru sifuri. Namanga ni kilomita kama 165 kutoka Nairobi, barabara nzuri, kituo cha pamoja cha mpakani kimezinduliwa tangu Desemba 2018. Kwa hesabu ya darasani, bei ya Marikiti, soko letu la jumla, ingekuwa bei ya shamba jumlisha nauli na faida. Lakini katikati ya 2023 kilo ilipita shilingi 200 sehemu nyingi za jiji, hadi vikaanza kuonekana vya Ethiopia vilivyoshukia Moyale. Ushuru wa forodha haukuwa umebadilika hata nukta.

Kilichobadilika ni mlango. Na mlango wetu unafungwa kwa barua.

Mnakumbuka Machi 2021? Barua moja kutoka mamlaka ya kilimo ya Kenya, mahindi ya Uganda na Tanzania yakazuiwa kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Ndani ya wiki moja zuio likalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kuwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na cheti cha asili. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua, sibishani na hilo. Nasema tu kwamba lori lililokuwa tayari limepakia halikuonywa. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Tanzania kudai vibali vya kusafirisha mahindi nje, malori yakapanga foleni. Aprili 2025 Tanzania ikazuia mazao ya Afrika Kusini na Malawi kwa sababu nao walikuwa wamezuia ya kwake, ndizi zikiwemo. Siku chache baadaye ikalegeza. Na Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara Tanzania. Watu walipiga kelele kuhusu saluni na M-Pesa. Mimi nilisoma orodha nikasimama kwenye ununuzi wa mazao shambani. Hapo ndipo kitunguu chetu kilipokuwa kinaanzia safari.

Hoja yangu ni hii. Ushuru, hata uwe asilimia 35, mfanyabiashara anauweka kwenye kikokotoo cha simu, anajua atauza ngapi. Barua ya ghafla haikokotolewi. Kwa hiyo anaongeza pesa ya hofu kwenye kila neti, yaani mfuko wa wavu wa vitunguu, hata wiki ambazo mpaka uko wazi kabisa. Hiyo pesa ya hofu ndiyo tunayolipa Nairobi na haimo kwenye risiti yoyote.

Karibuni tuvunjane.

---

Kijana wa Githurai

Maneno mazuri, mzee, lakini umewaosha mabroka ukawaacha weupe. Ukienda Marikiti saa kumi alfajiri, lori halijafungua turubai, tayari kuna watu watatu wameshaliuza kwa simu. Neti inabadilisha mwenye mara kadhaa bila kushuka chini. Hiyo ndiyo pesa ya hofu?

---

Kapu la Donholm

Ndugu yangu wa Githurai, sijawaosha. Lakini jiulize kwa nini broka ana nguvu kwenye kitunguu na hana nguvu hiyo kwenye mkate. Bei ya mkate wewe na mimi na mwenye duka tunaijua. Bei ya kitunguu leo inategemea malori mangapi yamepita jana usiku, na anayejua hilo ni mtu mwenye namba ya dereva. Anauza habari. Mpaka ukitulia miezi mitatu mfululizo, habari yake inakosa soko na faida yake inanywea. Ukitikisika, anafurahi.

Nikueleze nilichokuwa nikikiona kwenye ile kazi ya karatasi. Lori la vitunguu limefika mpakani Ijumaa jioni. Cheti cha afya ya mimea kina kosa: uzito ulioandikwa haulingani na wa mizani, tofauti ya magunia machache. Ofisi ya kurekebisha iko mji mwingine na imefungwa hadi Jumatatu. Hakuna aliyekula rushwa, hakuna ushuru uliodaiwa. Siku tatu lori limesimama juani na turubai limefungwa kwa kuogopa mvua ya usiku. Likifunguliwa Nairobi, neti za juu zina maganda makavu yanayolia kama karatasi. Shuka safu ya nne. Bonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba: inaingia. Wachambuzi wanamwaga neti zote chini, vizima huku, vilivyolegea kule, vilivyoota kando viuzwe kwa wenye vibanda vya chipsi siku hiyo hiyo. Mwenye mzigo anapata hasara kwenye sehemu ya mzigo, na hasara hiyo anaisambaza kwenye vilivyobaki. Wewe unanunua kizima ukilipia na ndugu yake aliyeoza.

---

Mkulima wa Mang'ola

Wakuu wa Nairobi, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Niko upande wa pili wa hilo lori, acheni niseme.

Kwanza, kitunguu cha huku kinategemea maji ya chemchemi na mifereji, tunavuna zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo hatuna msimu mmoja wa kungoja bei. Mkenya alikuwa anakuja mwenyewe shambani na pesa taslimu, anapakia, anaondoka. Wengi tuliipenda hiyo. Hatukopwi. Ila ukweli usemwe: alikuwa anapakia kwa lumbesa. Gunia limejaa, halafu linaongezewa kilemba juu kwa neti na kamba, linahesabiwa gunia moja. Ukimwambia apime kwa kilo, anahamia shamba la jirani. Kwa hiyo amri ya Julai 2025 iliposema ununuzi wa shambani ni wa raia, kuna wakulima walipiga makofi.

Wakaja kulia baadaye. Sasa ananunua dalali wa hapa, anapeleka kwa Mkenya mjini au mpakani. Lumbesa iko pale pale, sema anayeifunga ni Mtanzania mwenzangu. Na Mkenya akikutana na bei ya dalali anarudi kuuliza kwa nini Watanzania tumepandisha. Sisi hatujapandisha. Amezaliwa mtu mmoja zaidi katikati.

Mpaka ukifungwa huku kwetu bei haisimami, inaanguka. Kitunguu hakijui kungoja. Kwa hiyo siku mnayolipa 200 nyinyi, sisi tunaweza kuwa tunauza kwa bei ya kutupa. Hilo msilisahau mkianza kusema Tanzania imefaidi.

---

Kapu la Donholm

Marahaba, na asante sana ndugu wa Mang'ola. Hapo umenifundisha, maana huku tunaona upande wa bei ya juu tu. Na lumbesa tunayo binamu yake: gunia la viazi la "mukorino", limevaa kilemba vile vile. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Nenda Marikiti kesho uangalie vilemba.

---

Mwana wa Scarborough

Salamu kutoka Toronto. Nimelelewa Buruburu, sasa niko huku kwenye baridi. Niseme kidogo kuhusu ushuru wa kweli unavyoonekana dukani, maana nyinyi mnaongelea karatasi na asilimia tupu.

Tarehe 4 Machi 2025 Marekani ilipoitoza Canada, Canada ilijibu siku hiyo hiyo kwa asilimia 25 juu ya bidhaa za Marekani za dola za Canada bilioni 30. Juisi ya machungwa, siagi ya karanga, kahawa, orodha ndefu. Maduka ya Loblaw yakaanza kubandika herufi T kwenye bidhaa iliyoguswa na ushuru. Kwa mara ya kwanza nikaona duka likikwambia waziwazi: hapa nimeongeza kwa sababu hii. Watu walifanya nini? Waliikimbia T. Wazee wa mtaa wangu waligeuza kila chungwa kutafuta kibandiko cha nchi, wakachukua la Morocco au Uhispania hata kama limezidi senti kadhaa. Ilikuwa hasira zaidi ya bei. Septemba 1 serikali ikaondoa sehemu kubwa ya ushuru huo. Hasira ikabaki.

Upande wa Marekani kulikuwa na kisa cha nyanya. Sehemu kubwa ya nyanya za Marekani hutoka Mexico, na kulikuwa na makubaliano ya muda mrefu kuhusu bei ya chini kabisa ya kuuzia. Julai 14, 2025 Marekani ikajitoa, ikaweka ushuru wa asilimia 17.09 kwa nyingi ya nyanya hizo, kwa hoja kwamba zinauzwa kwa bei ya kuua wakulima wa Florida. Halafu Novemba 14 mwaka huo huo, baada ya kelele za bei za vyakula, Trump akaondoa ushuru wake mpya kwenye kahawa, chai, ndizi, machungwa, nyama ya ng'ombe, hata nyanya. Ila ule wa 17.09 uko chini ya sheria nyingine, haukuguswa.

Nikisoma uzi wako naona tofauti moja kubwa. Huku ushuru ulipangiwa tarehe, ukatangazwa, ukabandikwa herufi, ukaondolewa kwa tarehe. Uliuma, lakini ulikuwa na sura.

---

Kieni Kavu

Mnaongea kama watu ambao hawajawahi kushika jembe. Mimi nalima vitunguu Kieni, Nyeri. Nanunua mbegu, mbolea, mafuta ya pampu, nalipa vibarua. Siku navuna, malori ya Tanzania yanaingia na bei inashuka chini ya gharama yangu. Siku hiyo hamfungui uzi. Hamjiulizi mkulima wa Nyeri analala vipi. Mlango ukifungwa wiki mbili, mnalia kama mmefiwa.

Na mwenye uzi umeacha jambo makusudi. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa iliwahi kuweka asilimia 25 kwa vitunguu, viazi na mayai ya kutoka nje, hata ya Jumuiya. Mbona hukuitaja? Mimi nasema irudishwe, tena itozwe msimu wetu wa mavuno.

---

Kapu la Donholm

Kieni, karibu. Hasira yako ni halali na sitaibishia.

Kuhusu hizo asilimia 25: sikuzitaja kwa sababu si ushuru wa forodha, una sheria yake. Lakini umenisaidia kuonyesha ninachosema. Serikali ikifungwa mkono mmoja na Jumuiya, inatumia mwingine. Forodha inasema sifuri, halafu unakuja ushuru wa jina jipya, au kibali, au barua. Waganda walilalamika sana kuhusu mayai yao kwa sababu hiyo. Ukitaka kumlinda mkulima wa Kieni, mlinde kwa kitu anachoweza kukipangia. Marufuku ya wiki mbili inayokuja bila wewe kujua haikusaidii kuamua ulime ekari ngapi. Bei inapanda ukiwa huna mzigo, inashuka ukiwa nao.

Na hili litakuudhi, lakini wauzaji wa Marikiti wanalisema mchana kweupe. Kitunguu cha Tanzania wanakipenda kwa sababu kimekaushwa vizuri, kinakaa. Chetu mara nyingi kinang'olewa kibichi, shingo bado nene, kwa sababu mkulima ana deni na broka yuko getini. Kinaoza wiki hiyo hiyo. Banda la kukaushia lingekupa wiki kadhaa za kungoja lori la Namanga lipite. Nani analijenga na kwa pesa ya nani, hapo nakuachia wewe na kaunti yako.

---

Kieni Kavu

Banda la kukaushia nimeliomba kwa vikao vingi kuliko nilivyovuna. Tuendelee.

---

Mama Njugu Busia

Hamjambo wanangu. Niko Busia, navusha ndizi, njugu na mayai kidogo. Hicho cheti rahisi cha dola 2,000 alichosema mwenye uzi ni cha kweli na kimetusaidia akina mama. Zamani ulikuwa unaambiwa ulipe, hujui unalipa nini. Sasa unajaziwa, unapita. Lakini kuna mambo mawili.

Kwanza, bidhaa lazima iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Ukileta isiyomo, unarudi kwenye karatasi kubwa na wakala, na wakala hafanyi kazi ya bure. Pili, cheti kinazungumzia ushuru tu. Cha afya ya mimea kiko palepale. Mtu ana mikungu ishirini ya ndizi na anaambiwa aanze kufuata karatasi ambayo gharama yake na nauli vinakaribia faida. Ndiyo maana njia za panya hazioti nyasi. Wengi wanaopita huko hawakwepi ushuru, maana ushuru wenyewe haupo! Wanakwepa kupoteza siku.

Na akipita huko, akikamatwa analipa mkononi. Hiyo nayo inaingia kwenye ndizi mnayokula Nairobi.

---

Kijana wa Githurai

Mama, hapo umeniua. Kukwepa ushuru ambao haupo.

---

Kibanda cha Kayole

Mimi ni mama mboga, niwaambie inavyoishia kwa mteja. Hakuna mteja wangu aliyewahi kuniuliza cheti cha asili. Anauliza, "Mama, leo ni ngapi?" Na mimi nikipandisha bei, anavuka barabara.

Kwa hiyo sipandishi. Fungu la vitunguu ni shilingi 20, liko 20 kitambo. Neti ikiwa na bei nzuri, fungu lina vitunguu vinne vya wastani. Neti ikipanda, vinakuwa vitatu. Ikizidi, viwili na kimoja kidogo cha kujazia, nakiweka juu ili fungu lionekane limesimama. Mteja anaona 20 ile ile, lakini akifika kupika ndipo anagundua. Bei ikishuka Marikiti, sirudishi cha nne siku hiyo. Nangoja nione kama kesho itashuka tena, maana nikirudisha halafu ipande, kumwondolea mteja kitunguu alichokizoea ni ugomvi. Kwa hiyo mkisema bei hupanda haraka na kushuka polepole, mmoja wa wanaofanya hivyo ni mimi, na ninajua kwa nini.

Nyanya ni tofauti. Nyanya hainipi nafasi ya kungoja. Ikifika Alhamisi jioni natoa fungu kubwa kuliko la asubuhi, mkitaka nyanya rahisi njooni saa kumi na mbili jioni, si asubuhi.

Halafu kuna sesi, tozo ya mazao ya kaunti, mbebaji, mkokoteni, na nauli ya nduthi hadi hapa. Hizo hazijui mpaka wala Trump.

---

Kapu la Donholm

Mama wa Kayole, nimesoma maelezo yako mara mbili. Wachumi wanachora mistari kuelezea hilo la kitunguu cha nne.

---

Mwana wa Scarborough

Swali la mwisho kwa mwenye uzi. Mama yangu yuko Buruburu na anapenda machungwa ya supamaketi. Umesema kuna ya Misri na ya Afrika Kusini. Ushuru ni sawa?

---

Kapu la Donholm

Si sawa, na ni kisa kizuri. Misri na Kenya zote zimo kwenye eneo huru la biashara la COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tangu lilipoanza Oktoba 2000, kwa hiyo chungwa la Misri lenye karatasi za asili haliguswi na zile asilimia 35. Afrika Kusini haimo COMESA. Ukiangalia ramani ungedhani umbali ndio unaoamua nafuu, sivyo. Ni nani ametia sahihi na nani.

Lakini usitarajie kuona tofauti hiyo ukiwa umesimama mbele ya rafu. Machungwa ya Misri yanavunwa kuanzia Desemba hadi Mei hivi, ya Afrika Kusini yanaanza Juni hadi Oktoba. Hayakutani sana dukani. Duka linajua mteja amezoea bei fulani, kwa hiyo linapobadilisha kibandiko halina haraka ya kubadilisha tarakimu. Nafuu ya ushuru inabaki mahali fulani kati ya Mombasa na keshia, na si mfukoni mwa mama.

Mwambie mama ajaribu ya Muheza. Yana ngozi ya kijani, watu wa supamaketi wanadhani ni mabichi. Aweke mkononi apime uzito, lililo zito kwa ukubwa wake ndilo lenye maji. Ushuru sifuri, nta hakuna, na mkokoteni uko nje ya lango la mtaa.

---

Kibanda cha Kayole

Na asibonyeze yote halafu akachukua moja. Nawajua hao wa Buruburu.